Jina la keshia mwingine kwenye risiti

"Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza mwenyewe mfumo wa SACCOS yetu kwa lugha ya Python na Flask, kiunzi chake cha kujengea mifumo ya wavuti. Ulianza na tawi moja na keshia mmoja, sasa tuna matawi matatu na makeshia saba. Kila ombi likifika, nasoma kuki (alama ndogo ambayo kivinjari hutuma na ombi), najua ni keshia gani, naweka jina lake kwenye kigeu cha jumla, yaani hifadhi moja inayosomwa na msimbo wote, nilichokiita mtumiaji_wa_sasa. Funksheni yoyote inayotaka jina inasoma hapo. Namba ya risiti nayo ni kigeu cha jumla: mfumo ukiwaka unasoma namba ya mwisho kwenye kanzidata, kisha unaongeza moja moja. Kwenye laptopu yangu haujawahi kukosea. Tangu tuhamie seva mpya (Gunicorn, vibarua vinne, nyuzi mbili kila kimoja) kuna risiti zinatoka na jina la keshia mwingine, hasa mwisho wa mwezi. Namba za risiti nazo zinajirudia, kuna moja nimeikuta kwenye risiti nne. Keshia mmoja ameambiwa alipe upungufu wa shilingi 180,000 na mimi sina hakika kama ni wake. Rafiki yangu mmoja anasema vigeu vya jumla ni haramu, nifute vyote, nipitishe muktadha, yaani habari za ombi kama vile keshia ni nani, kwenye kila funksheni. Mwingine anasema kupitisha kitu kilekile kwenye funksheni arobaini ni kujitesa, mbona hata Flask yenyewe ina request ya jumla. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya msimbo, yule keshia. Usisubiri umalize kurekebisha mfumo ndipo umtetee. Leo hii mwandikie meneja barua fupi: mfumo una hitilafu inayoweza kuandika muamala kwa jina la mtu asiyehusika, na fedha hizo zisikatwe kwa mtu yeyote mpaka uchunguzi ufanyike. Nitarudi kwake mwishoni, kwa sababu kuna kazi hapo ambayo huwezi kuifanya ukiwa umekaa mbele ya kompyuta peke yako.

Sasa swali lako. Unadhani una ugonjwa mmoja, kumbe unayo mawili, na la kuchekesha ni kwamba yanakwenda pande tofauti. Jina linakosewa kwa sababu kigeu chako kinashirikiwa na watu wengi mno. Namba inajirudia kwa sababu kigeu chako hakishirikiwi na mtu.

Tuanze na jina. Gunicorn, programu inayopokea maombi na kuyakabidhi kwa mfumo wako, imewasha michakato minne: ndivyo vile vibarua, nakala nne za mfumo zinazokimbia sambamba. Ndani ya kila mchakato kuna nyuzi mbili, kila uzi ukihudumia ombi lake. Nyuzi za mchakato mmoja zinatumia kumbukumbu ileile, kwa hiyo mtumiaji_wa_sasa kwao ni kitu kimoja. Tuseme Asha anabonyeza kitufe cha kuweka fedha. Ombi lake linashikwa na uzi wa kwanza, kigeu kinaandikwa Asha, msimbo unakwenda kwenye kanzidata, na uzi unakaa kusubiri jibu. Wakati unasubiri, Juma wa tawi la pili anafungua taarifa za mwanachama. Ombi lake linaangukia uzi wa pili wa mchakato uleule, kigeu kinaandikwa Juma. Kanzidata inajibu, uzi wa kwanza unaendelea mpaka mstari wa kuchapa risiti, unasoma kigeu, unamkuta Juma. Risiti ya Asha inatoka na jina la Juma. Hakuna onyo lolote kwenye kumbukumbu za seva (logi), maana kwa macho ya Python kila kitu kimekwenda sawasawa.

Ndiyo sababu huoni jambo hili kila siku. Ni lazima maombi mawili yakutane kwenye mchakato mmoja, na la pili liingie la kwanza likiwa bado linasubiri. Mwisho wa mwezi mishahara imeingia, foleni imefika nje, ripoti nzito zinaichosha kanzidata, na kila kusubiri kunakuwa kurefu zaidi. Nafasi ya kupishana vibaya inapanuka.

Na laptopu yako haikuwa salama hata siku moja. Seva ya majaribio ya Flask inatumia nyuzi nyingi bila kuambiwa tangu toleo la 1.0 la mwaka 2018. Ulichokosa ni mtu wa pili. Ukitaka kuliona kosa kwa macho yako, weka time.sleep(5), yaani ngoja sekunde 5, kabla tu ya mstari wa kuchapa risiti, fungua kivinjari kimoja kama Asha na dirisha la faragha kama Juma, bonyeza kwa Asha, kisha kabla ya sekunde 5 kwisha bonyeza chochote kwa Juma. Hifadhi jaribio hilo, utalihitaji kuthibitisha kwamba umepona.

Kuna watu watakuambia kwamba Python ina kufuli lake kuu, GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo kwa wakati, kwa hiyo nyuzi haziwezi kugongana. Kufuli hilo lipo, ila linalinda matumbo ya Python yenyewe. Halijui kwamba jina na risiti ni jambo moja lisilopaswa kukatwa katikati. Linaachiwa kila uzi unapokwenda kusubiri mtandao au diski, na hata pasipo kusubiri uzi unaweza kunyang'anywa zamu baada ya milisekunde 5, ambacho ndicho kipimo cha kawaida. Wengine watakushauri uweke kufuli lako mwenyewe kuzunguka kigeu. Ili lifanye kazi itabidi ulishike tangu ombi linaingia hadi linatoka, na hapo nyuzi zako mbili zitakuwa zimerudi kuwa moja, kwa gharama kubwa zaidi.

Kuna kosa la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote. Kama funksheni zako za kuruhusu na kukataa zinasoma mtumiaji_wa_sasa hiyohiyo, basi keshia anaweza kufuta muamala au kuidhinisha mkopo kwa sekunde moja ambayo meneja alikuwa anafungua ripoti. Hakudukua kitu, alibonyeza tu kwa bahati. Tena hata bila nyuzi, masalio yanabaki: ombi ambalo kuki yake imekwisha muda, au kazi ya usiku ambayo haina keshia, ikisahau kuandika jina inarithi jina la aliyetangulia. Nenda kaangalie hilo kwanza.

Namba za risiti sasa. Hapa nyuzi zina makosa madogo, mkosaji mkubwa ni michakato. Neno "jumla" limetudanganya wengi. Kigeu cha jumla ni cha jumla ndani ya mchakato mmoja tu, na kila mchakato una nakala yake ambayo haijui habari za wenzake. Mfumo ulipowaka, vibarua vyote vinne vilisoma kwamba namba ya mwisho ni, tuseme, 5200. Cha kwanza kikatoa 5201, cha pili kikatoa 5201, na vilivyobaki vivyo hivyo. Ndiyo hiyo namba uliyoikuta kwenye risiti nne. Risiti nne, vibarua vinne. Ungekuwa na vibarua sita ungeikuta kwenye sita.

Dawa yake haina ubishi: mahali pekee panapoonwa na michakato yote ni kanzidata, basi namba itoke huko. Kama unatumia PostgreSQL, ina kifaa chake cha kutoa namba mfululizo, chepesi na salama. Ila kina tabia moja ambayo wakaguzi hawaipendi: muamala ukivunjika katikati, namba iliyokwisha kutolewa hairudi, na utabaki na pengo. Kama chama chako kinataka namba zisizo na pengo, tengeneza jedwali dogo lenye mstari mmoja wa namba ya mwisho. Ufunge mstari huo, ongeza moja, andika risiti, yote ndani ya muamala mmoja wa kanzidata, yaani yafaulu yote au lisifaulu hata moja. Utapoteza kasi kidogo, na kwa makeshia saba hutaihisi. Vyovyote utakavyochagua, weka kwenye kanzidata sharti kwamba namba ya risiti mpya haiwezi kujirudia. Ungekuwa nalo sharti hilo tangu mwanzo, mfumo ungepiga kelele siku ya kwanza badala ya kunyamaza.

Tukifika hapo, ugomvi wa rafiki zako unabadilika sura. Kila kitu unachokihifadhi kina mwenyewe na kina umri. Jina la keshia ni mali ya ombi moja, linazaliwa ombi likifika na linakufa jibu likitoka. Namba ya risiti ni mali ya chama kizima, na umri wake ni miaka. Wewe umevipanga vyote viwili katika nyumba ya mchakato, ambao si wa ombi na si wa chama. Kimoja kimebanana na wageni, kingine kimejitenga na ndugu zake. Ukikijua kitu ni cha nani na kitaishi muda gani, mara nyingi makazi yake yanajichagua yenyewe.

Tazama jinsi SACCOS yenu ilivyokuwa ikifanya kazi kabla hujaleta kompyuta. Mwanachama alijaza hati ya kuwekea fedha: jina, namba ya uanachama, kiasi, tarehe. Keshia akaweka sahihi, msimamizi akaweka yake, hati ikaenda kwa mhasibu. Karatasi ilitembea na habari zake zote. Hakuna aliyeandika "anayehudumiwa sasa" kwenye ubao ukutani ili kila mfanyakazi aje kuchungulia. Ubao ungetosha kwa keshia mmoja. Wakiwa saba, mmoja angefuta na kuandika wakati mwingine bado anasoma. Muktadha unaopitishwa ni ile hati, na msimbo wake hauna ajabu yoyote. Hivi ndivyo ulivyo sasa:

mtumiaji_wa_sasa = None

def weka_fedha(akaunti, kiasi):
    andika(akaunti, kiasi, mtumiaji_wa_sasa)

Na hivi ndivyo unavyoweza kuwa:

def weka_fedha(muktadha, akaunti, kiasi):
    andika(akaunti, kiasi, muktadha.keshia)

Ya kwanza inakudanganya usoni. Inasema inahitaji akaunti na kiasi, kumbe inahitaji na jina ambalo mtu mwingine aliliweka mahali pengine. Anayekuja kurithi mfumo wako hataliona mpaka asome ndani. Hata majaribio yanateseka: jaribio moja likiacha jina kwenye kigeu, la pili linafaulu kwa bahati, na ukibadili mpangilio linaanguka. Ya pili huwezi kuiita bila kusema ni nani anayeweka fedha. Ukisahau, Python inakataa papo hapo.

Usidhani pia kwamba haya ni mambo ya nyuzi na seva tu. Mwaka 1973, kompyuta za kawaida zikiwa hazina hata mtandao, William Wulf na Mary Shaw walikwisha kuchapisha makala ya kuvishutumu vigeu vya jumla, hoja yao kubwa ikiwa kwamba vinafanya programu isieleweke kwa kuisoma. Lugha ya C ina mfano mzuri. Kuna funksheni ya zamani iitwayo strtok, kazi yake ni kukata maneno vipandevipande. Mara ya kwanza unaipa maneno yenyewe. Mara zinazofuata huipi kitu, inakumbuka ilipoishia kwenye pembe ya siri inayoijua yenyewe. Sasa kata mstari kwa koma, na ndani ya kila kipande anza kukata tena kwa nafasi: kazi ya ndani inafuta alama ya kazi ya nje, na kitanzi cha nje kinapotea njia. Uzi ni mmoja, mtumiaji ni mmoja, na bado kumeharibika. Tiba waliyoileta baadaye inaitwa strtok_r. Inafanya kilekile, isipokuwa ina kigezo kimoja cha ziada ambamo anayeiita anashika mwenyewe alama ya ilipofikia. Kigezo kimoja tu.

Gharama ya kupuuza inaweza kuwa zaidi ya shilingi 180,000. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 kipimo kikubwa mno cha mionzi, na baadhi yao walifariki. Kazi mbalimbali ndani ya programu yake zilikuwa zikiwasiliana kwa vigeu vya pamoja bila ulinzi. Kimoja kiliitwa Class3. Kikiwa na sifuri kilimaanisha hakuna haja ya kukagua, kikiwa na namba nyingine kilimaanisha kagua kwanza. Programu ilikiongeza moja kila ilipozunguka, nacho kilikuwa baiti moja, isiyobeba zaidi ya 255, kwa hiyo kila mzunguko wa 256 kilirudi sifuri. Katika ajali ya Yakima, jimbo la Washington, Januari 1987, mwendeshaji alibonyeza kitufe wakati uleule kigeu kikiwa sifuri, na ukaguzi ukarukwa. Sitaki kukudanganya kwamba kigeu peke yake ndicho kilichoua. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia ajali kama hiyo, na kwenye hii waliviondoa wakaiamini programu. Lakini ukisoma habari ile, unatambua kosa la aina uliyonayo wewe: thamani moja, wasomaji wengi, na hakuna mwenye uhakika ni ya nani kwa wakati ule.

Basi rafiki yako wa pili, yule wa Flask. Ana hoja, ila ameiona nusu. Ile request ya Flask inaonekana kama kigeu cha jumla lakini ni dalali. Kila unapoigusa, inauliza "uzi huu unahudumia ombi gani?" na kukupa la kwako. Siku hizi inafanya hivyo kwa contextvars, kifaa kilichoingia Python 3.7 mwaka 2018. Kwa hiyo Juma na Asha wakiigusa kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata yake. Flask ina na g, mfuko mdogo wa ombi moja unaotupwa jibu likitoka. Django, kiunzi kingine cha Python, ilichagua njia nyingine: inakupa request mkononi, kigezo cha kwanza cha kila mwonekano, yaani funksheni inayojibu ombi. Lugha ya Go ilikwenda mbali zaidi. Ilipoiweka context kwenye maktaba yake ya msingi, toleo la 1.7 la mwaka 2016, maelezo yake yalielekeza ipitishwe wazi kama kigezo cha kwanza, isifichwe ndani ya muundo wa data. Wanaoandika programu kwa Go wanalalamika kwamba ctx, kifupi cha context, imetapakaa kila mahali kama mchanga wa ufukweni, na wana haki. Lakini nimewahi kurithi mifumo ya aina zote mbili, na mchanga nimeuvumilia kuliko kuwinda jina lililowekwa mahali nisipopajua.

Udhaifu wa dalali wa Flask utauona siku utakapotaka kutuma ujumbe wa simu kwa mwanachama kupitia uzi wa pembeni, au kukokotoa riba usiku. Uzi mpya kwa kawaida huanza na muktadha mtupu, na Flask itakuambia unafanya kazi nje ya muktadha wa ombi. Huenda ujumbe huo umekwisha kuuona na ukautafutia njia ya mkato. Nauona kama ukweli unaosemwa kwa lugha kali: umeandika funksheni inayodhani kuna mtu amekaa dirishani, na saa saba usiku hakuna mtu.

Nikushauri nini, basi? Jioni hii, baada ya kufunga, punguza Gunicorn iwe na kibarua kimoja na uzi mmoja, na hakikisha kila ombi linaanza kwa kufuta jina lililobaki. Mfumo utakuwa mzito, makeshia watanung'unika, lakini majina hayatapishana na namba hazitajirudia. Hiyo ni bandeji ya siku chache. Kesho hamisha jina kutoka kwenye kigeu kwenda kwenye g. Ni mistari michache, na risiti zako zitaacha kusema uongo. Keshokutwa namba ya risiti ihamie kwenye kanzidata, kama nilivyoeleza. Rudia lile jaribio la sekunde 5. Likipita, rudisha vibarua vyako.

Baada ya hapo ndipo uanze kazi ya kupitisha muktadha, na uanze na njia za fedha tu: kuweka, kutoa, mkopo, marekebisho, ruhusa. Skrini ya kubadili nenosiri inaweza kuendelea kutumia g mpaka ustaafu.

Kuhusu funksheni arobaini, zihesabu kwa haki. Nina shaka kama nyingi kati ya hizo zinahitaji kumjua keshia. Hesabu ya riba inataka salio, kiwango na siku. Hesabu ya faini inataka tarehe mbili na asilimia. Zikikosa jina la keshia hazipungukiwi na lolote. Zigeuze ziwe hesabu tupu, namba ziingie na namba zitoke, na zile funksheni chache za nje zinazopokea ombi na kuandika kwenye kanzidata ndizo zibebe muktadha. Mara nyingi ukikuta kitu kinapitishwa ngazi sita bila kuguswa njiani, ni ishara kwamba ngazi za katikati zimechanganya hesabu na uandishi.

Muktadha wenyewe uwe kitu kidogo kisichobadilika: keshia, tawi, na tarehe ya kazi. Python ina dataclass, muundo mwepesi wa kubeba data, unayoweza kuigandisha ili mtu asiibadili njiani. Uulinde usigeuke gunia. Wiki ya kwanza utatia keshia, ya pili mipangilio ya printa, ya tatu orodha ya mikopo, na baada ya miezi sita utakuwa umejenga upya kigeu cha jumla na kukivalisha kanzu. Nimeona kitu hicho kikiwa na sehemu zaidi ya hamsini, na hakuna aliyethubutu kuondoa hata moja.

Jingine ambalo watu huanguka nalo: wakati wa kuhama, wanaandika muktadha=None, kisha ndani wanasema kama hakuna muktadha, soma kile kigeu cha zamani. Inaonekana ni upole kwa msimbo wa zamani. Matokeo yake, kila sehemu uliyoisahau itarudi kimyakimya kwenye ugonjwa uleule, na safari hii hutajua ni sehemu gani. Kigezo kiwe cha lazima. Acha paanguke pa kuanguka, tena kwenye majaribio, kabla ya dirishani. Ukimaliza, futa kigeu chenyewe na uendeshe pyflakes, programu ya kukagua msimbo, ikutafutie mistari iliyobaki inayokiita, kwa sababu Python haitakuambia mpaka mstari huo ufikiwe.

Viko vinavyostahili kubaki vya jumla, na usione haya. Bwawa la miunganisho ya kanzidata, yaani miunganisho iliyofunguliwa tayari na kutumiwa kwa zamu, ni mali ya mchakato na linaishi umri wa mchakato, hapo ndipo kwao. Kiandika logi, vivyo hivyo. Mipangilio inayosomwa mara moja mfumo ukiwaka na haibadiliki tena, sina tatizo nayo. Kiwango cha riba usikitie kundi hilo hata kama leo ni kimoja: mkutano mkuu utakibadili, na mikopo ya zamani itataka kiwango cha zamani. Kikae kwenye kanzidata na tarehe yake ya kuanza.

Na saa ya seva. Wengi hawaioni kuwa ni kitu cha jumla, lakini kila funksheni inayouliza "leo ni lini" inasoma ubao wa ukutani. Seva nyingi za kukodi zinatumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Kazi yako ya usiku ikikimbia saa saba, kwa seva bado ni jana. Ipitishe tarehe ya kazi ndani ya muktadha, utaweza hata kujaribu mwisho wa mwaka katikati ya Juni.

Turudi kwa keshia. Yote niliyosema yanazuia makosa ya kesho. Ya miezi iliyopita yamo ndani ya kanzidata, na hayo usiyaguse. Usiandike programu ya kusahihisha majina hata kama unaona wazi lipi ni la nani, kwa sababu ukishabadilisha wewe mwenye mfumo, hakuna atakayeweza kutofautisha kosa la mashine na mkono wa mtu. Kabla hujabadili mstari mmoja wa msimbo, chukua nakala kamili ya kanzidata na ya kumbukumbu za seva, uzitie kwenye diski mbili, moja umkabidhi meneja na mwandikishane.

Kisha mwombe meneja alete mkaguzi, mtu wa kukaa naye meza moja. Kwa hapa Tanzania vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, COASCO, na kama mna mkaguzi mwingine wa nje naye atafaa. Kama mfumo una mlango wa wanachama kuangalia salio, mwambie na hilo, kwa sababu mtu akiwa ameonyeshwa taarifa za mwingine mnaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hapo mtahitaji mwanasheria. Sisi watu wa kompyuta tusijifanye tunajua.

Mkaguzi atakuuliza ushahidi ulioko nje ya mfumo, nao unao. Kumbukumbu za seva, kama zilikuwa zimewashwa, zina dakika na anwani ya mtandao ya kila ombi. Kama kila tawi lina muunganisho wake, zitaonyesha ombi lilitoka tawi gani hata kama risiti inataja keshia wa tawi jingine. Na zile hati za karatasi za kuwekea fedha, kama hamjazichoma, zina sahihi ya mwanachama na ya keshia aliyepokea noti kwa mkono wake. Anzeni na siku ile ya upungufu, hati moja baada ya nyingine, na keshia anayedaiwa awe amekaa hapo mezani mnapozisoma.